Kibao Shingoni

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu shuleni, pale pale niliposoma mimi, karibu na Igawa. Rimu ya lori tuliyokuwa tukiigonga kama kengele haipo tena. Ukutani wamechora watoto wanacheka, na chini yao maneno: mtoto ana haki ya kusikilizwa. Mjukuu alinisomea kwa sauti, akanivuta mkono tuendelee. Mimi nilibaki nimesimama, ndugu yangu, nautazama mto.

Miaka ya sabini shule ile ilinukia moshi wa kuni na maharage. Asubuhi tulipalilia shamba la shule, jioni tuliteka maji Mto Mbarali kwa ajili ya nyumba za walimu. Na siku nzima kulikuwa na kibao: kipande cha mti chenye kamba, alichovishwa shingoni aliyesikika akisema lugha ya nyumbani. Ukishakivaa, kazi yako ni kumnasa mwenzako, umvishe yeye. Atakayekutwa nacho kwenye paredi ya jioni anachapwa. Kwa hiyo tulicheza huku tumetega masikio, na rafiki aliyekaa kimya pembeni yako hukujua anawaza nini.

Siku moja bibi yangu alipita na mzigo wa kuni. Nikamsalimia kama nilivyofundishwa nyumbani: kamwene. Kabla hajaitikia, kibao kilikuwa shingoni mwangu.

Hadi jua linashuka sikumpata mtu. Ndipo nikamwona yule msichana mgeni, ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani. Kiswahili kilimpa shida, kwa hiyo alijichunga kuliko sisi sote. Nikamkanyaga vidole vya mguu kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote.

"Mayu!" akalia.

Mwalimu wa zamu akasogea.

"Amesema kilugha, mwalimu."

"Amesema nini?"

"Amemwita mama yake."

Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akachukua fimbo. Wenzangu wakaimba, "Mayu, njoo, mwanao anachapwa." Nami niliimba.

Tangu siku hiyo hakusema tena, hata Kiswahili. Tulimwita Bubu. Walimu walimsifu kwa utulivu.

Masika yalipofika mto ulijaa, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Jioni moja tulishuka kuteka maji, yeye akiwa wa mwisho. Tulipogeuka tuliona ndoo yake peke yake kwenye matope. Hatukuwa tumesikia sauti yoyote. Tulimkuta chini kidogo, ameshikilia matete, maji yamefika kidevuni, meno ameyauma. Mama mmoja aliyekuwa akifua alimvuta nje, akamfokea, "Mbona hukuita, mwanangu? Tulikuwa hapa hapa."

Msichana alinigeukia mimi, lakini hakunitazama usoni. Alitazama shingoni, kuona kama nimekivaa kibao.

Wiki haikuisha, baba yake akaswaga ng'ombe, wakahama. Sikupata kumwambia neno, na sijui ningemwambia kwa lugha gani.

Kibao nacho kilipotea, sijui nani alikitupa. Siku hizi kelele za watoto zinafika hadi barabara kuu, na wazee wenzangu wanalalamika. Mimi silalamiki. Zikikatika ghafla ndipo ninapoinuka kwenye kiti, nikatazama upande wa mto.