Kifutio cha Bi Mistari

Basi liliniteremsha saa tatu asubuhi kwenye mji nisioujua, nikiwa na fomu moja iliyohitaji nakala kabla sijaendelea na safari. Duka la kwanza lililoandikwa "Tunachapa, Tunanakili" lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, na ndani yake wanawake wawili wanagombana bila kupandisha sauti.

"Mdogo wangu, hii mgonjwa nitampaje?" alisema mmoja, muuguzi aliyevaa sare. Karatasi aliishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichooza.

"Lete nione, dada."

"Dawa za asubuhi na za jioni umezishikanisha. Mzee wa watu atazimeza zote kwa mkupuo, halafu nije niulizwe mimi."

Mdogo mtu ndiye mwenye duka. Watu walimwita Bi Mistari, jina alilolipata alipokuwa karani wa masjala ya hospitali. Kwa miaka kumi na mmoja alichora majedwali kwa rula kwenye madaftari makubwa: kwanza nukta za penseli za kumwongoza, kisha mistari ya wino, mwisho kifutio. Nukta moja ikibaki, mkubwa wake alimrudishia daftari. Hospitali ilipoachana na madaftari, ikaachana na yeye pia. Akanunua kompyuta iliyotumika, akajifunza kuandika programu kwa kusoma kwenye simu, huku dada yake akimwambia anajiharibia macho.

Sasa hospitali ilikuwa imempa kazi ya majaribio: barua themanini na nne za wagonjwa wanaoruhusiwa kurudi nyumbani, kila moja na majedwali mawili ya dawa. Dada ndiye aliyemsemea kwa muuguzi mkuu. Barua zilitakiwa wodini saa sita, na basi la kwenda huko lilipita saa tano. Zikiharibika, wauguzi wangerudia kuandika kwa mkono, na Bi Mistari asingeitwa tena.

Nilimpa fomu yangu. Akaiweka juu ya mashine ya kunakili bila kuniangalia. "Mgeni, kaa kidogo."

Nikavuta stuli. Lugha kadhaa nazimudu, lakini ile ya kwenye skrini yake haikuwa mojawapo. Alipoona nachungulia, alinieleza huku anatafuta kosa.

"Mwanzoni programu ilikuwa inayatupa majedwali yote mwisho wa barua, chini ya sahihi ya daktari. Haijui pa kuyaweka mpaka uionyeshe. Nikaandika ASUBUHI na JIONI ndani ya barua. Inalitafuta neno, inaweka jedwali chini yake."

"Na hayo maneno umeyapeleka wapi?" dada akadakia. "Mbona hapa siyaoni?"

Bi Mistari aliisogelea skrini. Akashuka hadi mstari wa mwisho wa programu, akaugusa kwa kidole. Mstari ule uliagiza kwamba jedwali likishakaa, neno lifutwe. Neno JIONI lilipofutwa, hapakubaki kitu kati ya majedwali mawili, yakaungana yakawa moja.

"Kifutio," alisema taratibu. "Miaka yote ile, bado nimeshika kifutio."

"Usafi wako huo utatuua. Lete kalamu tuandike 'jioni' kwa mkono, tuwahi basi."

"Hapana."

"Saa nne na robo hii."

"Tuseme leo tunaandika kwa kalamu. Wakileta mia mbili kesho, utakuja kuandika? Nani aliwaambia programu inaweza?"

"Ni mimi."

"Basi itaweza, dada. Kaa chini."

Aliuondoa mstari ule wa kufuta. Programu ilizitengeneza barua zote kabla dada hajamaliza kuguna. Printa ndiyo iliyojivuta. Kila karatasi iliyotoka aliiwekea rula yake ya zamani, akaishusha dawa kwa dawa akilinganisha na orodha ya daktari. Ya hamsini na moja ilinasa. Aliivuta, akaichapa upya, akaendelea. Dada alitazama saa ya ukutani, akatazama rula.

Ilipobaki dakika tano, Bi Mistari alinikabidhi karatasi. "Mgeni, wewe ndiye mgonjwa. Jioni unameza nini?"

"Nusu kidonge, baada ya kula."

"Na asubuhi?"

"Viwili. Kimoja cha presha, kimoja cha moyo."

"Umeshapona," dada alisema. "Inuka utupishe."

Bi Mistari alizipanga barua kwenye boksi, ile ya mzee akaiweka juu kabisa. "Hii nampelekea mwenyewe. Nataka nimsikie akiisoma." Alipofika mlangoni akageuka. "Akija mtu, mwambie narudi saa nane."

Walivuka barabara mbiombio, dada mbele, mkono juu kusimamisha basi. Kupitia dirisha la basi nilimwona Bi Mistari akikaa na boksi mapajani, rula imechomoza pembeni. Basi liliondoka. Nilirudi kwenye stuli. Fomu yangu ilikuwa palepale juu ya mashine, haijanakiliwa.