Bafta ya Picha ya Mama

Anayewajibika kwa msiba uliotangazwa nyumbani kwangu Kisarawe, huku marehemu mwenyewe akitafuna tambuu, ni Bwana Kondo, muuzaji wa duka la ushirika wakati ule, wala si mimi. Natanguliza hili kwa sababu nimearifiwa kwamba katika harusi ya majuzi alikisimulia tena kisa hiki na kuniita "yule afisa aliyetaka kumzika mama yake akiwa hai". Aibu niliipata, sikatai, tena mbele ya mtaa mzima. Lakini aibu ni jambo moja na wajibu ni jingine, nami nimetumikia serikali muda wa kutosha kuujua mpaka wake.

Mama, Bi Mwanamvua, hakuwa na picha hata moja ya kufaa. Ile niliyompiga mwanzo chumbani mwake, kwa kamera ya kuazima, ilitoka giza tupu, na dada yangu Mwajuma, aliyeolewa Kongowe ya Kibaha, aliitazama, akaigeuza, akauliza, "Kaka, huyu ni Mama au kabati?" Kumtoa nje hakukuwezekana. "Sikai juani kama mhogo ulioanikwa, wapita njia wanihesabie mikunjo," alisema. Baada ya kubembelezwa sana alikubali kupigwa mara moja tu, mle mle chumbani, na ikiharibika nisimwombe tena mpaka anaingia kaburini. Na Mama alikuwa mtu wa neno lake. Filamu nayo ilikuwa imebakiza picha moja (miaka ile ya uhaba hata filamu ilipatikana kwa kujuana).

Nililitafakari suala lile kwa utaratibu. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na mwanga wake ulimwangaza Mama shavu moja na kuliacha la pili usiku. Nikaamua kutandaza kitambaa cheupe ukutani, upande wa giza, kiurudishe mwanga usoni, na kingine nikitundike kwenye kamba nje ya dirisha, kilikamate jua na kulitupa ndani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi siku ile, na ni sahihi hadi leo.

Kitambaa cheupe pekee dukani kilikuwa bafta, nayo ilihifadhiwa kwa ajili ya sanda. Nilifika foleni ya sukari ikiwa imelizunguka duka, nikasema, "Bwana Kondo, nikatie bafta ya kumtosha mtu mzima" (nilikuwa nimempima Mama akiwa ameketi). Kondo akaacha mizani, akanitazama kwa macho ya upole, akakata. Foleni nzima ikanipisha.

"Tumwachie Mungu, Ndugu Afisa," alisema.

"Amina," nilijibu, nikaondoka nikiamini kwamba hatimaye cheo changu kimeanza kuheshimiwa.

Hakuuliza. Mgawaji wa bidhaa adimu hakuuliza ni ya nini, ila jioni ile ile alimpa dereva wa lori la Kibaha taarifa za kifo amfikishie Mwajuma!

Kesho yake asubuhi nilitoa kitanda na kabati uani ili nipate nafasi, nikatandika mikeka nje, majirani watakaotaka kutazama wakae, nikatundika bafta. Kwa mpita njia, naam, nyumba ilikuwa na sura fulani. Lakini sura si taarifa.

Nikiwa nimefumba jicho moja nyuma ya kamera, nilisikia sauti ya jirani yangu, Mzee Shomari, nje ya pazia: "Ndugu Afisa, pole sana. Vijana wamefika na majembe. Tuchimbe upande gani?"

"Mzee wangu, subirini," nilimjibu bila kugeuka, "nimeshamweka vizuri. Mama, usitikisike."

Nilisikia nyayo zake zikirudi nyuma taratibu, nikazichukulia kuwa za adabu.

Ndipo Mwajuma alipoingia, kashuka kwenye basi, kanga kichwani, kilio kinamtangulia. Aliivuta bafta ya ukutani ikaanguka yote, akajitupa mapajani kwa Mama. Mama akatema tambuu.

"Wewe Mwajuma, unalilia nini? Umeachwa?"

Nje, jembe lilianguka na mtu akatimua mbio.

Mama alielewa kabla yangu. Yeye aliyekataa jua alitoka mwenyewe, akaketi mkekani katikati ya waombolezaji, akawakagua. "Shomari, nimekuona. Na wewe Mama Asha, tuliyenuniana kwa ajili ya kuku, umekuja kunizika? Haya, yamekwisha." Kisha akauliza, "Na Kondo aliyeniua, yuko wapi?"

"Yuko dukani, Bi Mkubwa," alijibu mmoja. "Anapima sukari."

"Mimi nazikwa, yeye anapima sukari!"

Alicheka mdomo wazi. Niliwaamuru vijana waweke majembe chini, washike bafta kuelekea jua, nikabofya.

Picha hiyo ipo sebuleni kwangu Kibaha, nilikohamia baadaye. Mashavu yote mawili yanaonekana, na mikunjo yake yote, ya kicheko. Alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, ndiyo tuliyobaki nayo. Tangu siku ile, kila ninunuapo kitambaa cheupe hutaja matumizi yake kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo namtaka Bwana Kondo afike nyumbani kwangu, mbele ya Mwajuma na wote walio hai kati ya wanaoonekana pichani, asimame mbele ya picha ile na kujibu swali ambalo Mama hakupata jibu lake: "Wewe uliyenitangazia kifo, mbona hukuja kunizika?"