Onja Kwanza

Mawese yakianza kunukia jikoni, nyayo zangu huhisi ile sakafu baridi ya kituo cha polisi.

Baiskeli ya jirani yetu ilikuwa imeibwa. Kitongoji kizima, aliyekamatwa ni baba tu. Hakuulizwa alikuwa wapi. Aliulizwa alizaliwa wapi. Mama naye alizaliwa huko huko Burundi, akaogopa kushikwa, kwa hiyo chakula nilipeleka mimi peke yangu: ugali wa muhogo na maharage ya mawese.

"Onja kwanza," askari aliniambia kila siku, maana mahabusu hapewi chakula kisichoonjwa. Nilionja, nikameza, nikasubiri aseme, "Haya." Baba nilimsikia tu akikohoa nyuma ya ukuta.

Kumbe baiskeli alikuwa nayo mpwa wa jirani mwenyewe. Ilipopatikana nilikimbia kituoni na bakuli langu, nikaonja hata kabla ya kuambiwa.

"Mtoto, baba yako amesharudishwa kwao."

"Afande, kwao ni kwetu, Heru Juu. Ndiko tunakolima."

Akafunika bakuli, akanisukumia.

Mpaka leo, nikila maharage ya mawese, tonge la kwanza nalimeza, kisha nasubiri mtu aniambie haya.