Bahari Niliyomwambia

Mimi ni mtu wa maneno mengi, kila anayenijua atakuambia, lakini habari hii sijawahi kuisema kwa sauti. Hata padri sikumwambia. Nilimtajia mambo madogo madogo, kulamba sukari, kumjibu mama vibaya, nikatoka kitubioni nimekunja mikono kifuani kama mtakatifu. Loo! Sasa nimezeeka, na yule niliyepaswa kumwambia yuko kaburini tangu zamani. Kwa hiyo nikisema leo, simsaidii mtu yeyote. Nasema tu.

Miaka ile ya hamsini, darasa la nne la shule yetu ya misheni, huku Tarime, lilikuwa na wasichana wawili, mimi na rafiki yangu. Tulianza darasa la kwanza tukiwa kundi zima, lakini wengine walitoka mmoja mmoja, huyu kaolewa, yule kabaki kulea wadogo zake, mpaka tukabaki wawili kwenye dawati la mbele na wavulana wamejaa nyuma yetu. Mimi nilikuwa binti wa katekista. Nyumbani kwetu Turwa kulikuwa na vitabu vitatu na taa ya chemli, na baba alikwisha sema kwamba nikishindwa mtihani nitarudia darasa, na nikishindwa tena nitarudia tena. Alikuwa mbishi baba yangu.

Rafiki yangu hakuwa na bahati hiyo. Baba yake alikuwa mfugaji, mtu mpole, hana ubaya na mtu, ila alikuwa na kijana wa kiume aliyekwisha kuwa mura, wa kuoa kabisa, na zizini hamkuwa na kitu cha kumwozea. Kwetu Wakurya jambo hili halina siri. Ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya dada ndio wanaotoka kwa ajili ya kaka. Nyumba moja ya Kemambo ilikwisha mwona rafiki yangu, ikatuma wazee. Basi baba yake akamwita, akamwambia mbele ya mama yake, "Ukifaulu mtihani ukaipata hiyo shule ya kati ya darasa la tano, nitawaambia wa Kemambo wangoje. Usipoipata, ng'ombe wataingia." Alisema hivyo bila ukali wowote, kama anapanga siku ya kupanda wimbi, ule ulezi wetu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tukiwa njiani kutoka shule. Nikamwambia, "Utaipata tu, wewe una kichwa." Na kweli alikuwa na kichwa kunizidi. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Mwalimu alikuwa ametuonya kwamba pamoja na hesabu na kusoma kutakuwa na maarifa ya jumla, na maarifa ya jumla ni kitu chochote kilichoko chini ya jua. Tutakisomea wapi? Hatukuwa na kitabu chake. Tukaamua kuulizana wenyewe. Kila siku baada ya shule alipitia kwetu, kwa sababu mama yangu alikuwa na jiwe zuri la kusagia na mama yake alimruhusu aje na wimbi wao. Mmoja alipiga magoti jiweni akasaga, mwingine akakaa kwenye ngozi akauliza. Aliyeko jiweni akijibu sawa, anainuka, wanabadilishana. Akishindwa, anaendelea kusaga, na juu ya hapo anatoa kilima.

Kilima, kwa sababu mchezo wetu tuliucheza kama vitendawili. Bibi zetu walitulea hivyo. Ukishindwa kitendawili unatoa mji, na sisi miji hatukuwa nayo, tulikuwa na vilima. Nilikwisha mpa kilima cha misheni, kanisa na kengele na padri humo humo ndani. Yeye alikwisha nipa vilima vyote vya upande wa kwao, hata kile walichokuwa wanachungia mbuzi.

"Buibui ana miguu mingapi?"

"Minane. Inuka, zamu yako."

"Gavana anakaa mji gani?"

"Dar es Salaam. Wee, niulize maswali ya watu wazima, usinichezee."

"Ng'ombe ana matumbo mangapi?"

Hilo aliniuliza yeye, nami nikajibu moja. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Binti wa katekista! Umekula utumbo kila Krismasi na hujui umekula mangapi? Manne! Nipe kilima!" Nikampa, nikaendelea kusaga nimenuna.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hatukuiweka sisi, tuliikuta. Aliyetega ndiye anayetegua, na akishategua hakuna kubisha. Kwenye kitendawili ni sawa kabisa, maana jibu ni mali ya mwenye kutega. Bibi akikuambia jibu ni yai, ni yai, hata kama wewe uliwaza jiwe. Tukaichukua sheria hiyo nzima nzima tukaiweka juu ya mito na nchi na nyota. Haikutupitia akilini hata kidogo kwamba mto hauna habari na sisi. Yeye hasa aliishika sheria hiyo kama amri ya Mungu. Kila jibu lililompotezea kilima alilirudia mara tatu kwa sauti, kisha akaliandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika pale kwenye ngozi, ndipo akaendelea.

Siku moja mikono iliniuma. Nasema ukweli, ndiyo sababu yote, hakuna nyingine kubwa zaidi. Nilikuwa nimesaga nyumbani tangu asubuhi, na rafiki yangu siku hiyo alikuwa anajibu kila kitu, najua akijibu mara moja tena mimi ndiye nitakayepiga magoti. Nikatafuta swali la kumfunga hapo jiweni. Nilikuwa nimemsikia mwalimu akisema mto Naili unatoka upande wa ziwa letu unakwenda Misri. Nikauliza, "Mto Naili unamwaga maji yake bahari gani?"

Akaacha kusaga.

"Sijui."

"Nipe kilima."

"Chukua cha nyuma ya shule. Tegua."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba na mimi sijui. Mama wee! Ningesema sijui, ningepoteza kilima, na jiwe lingenihusu. Bahari niliyowahi kuisikia ni moja tu, ile ya Dar es Salaam na Tanga. Nikakaza uso. "Bahari ya Hindi."

"Bahari ya Hindi," akasema. "Bahari ya Hindi. Bahari ya Hindi." Akainama, akaandika kwenye unga.

Mtihani wa kuandika tukaufanya, tukafaulu wote wawili, na alama zetu zilikaribiana sana. Tulifurahi kwa muda mfupi. Mwalimu akatuita mezani kwake siku ya Alhamisi akatuambia kwamba shule ya kati ya wasichana ina nafasi moja tu kwa upande wetu. Moja. Sista mkuu wa shule hiyo atakuja mwenyewe Jumatatu kutuuliza maswali ya mdomo, na yeye ndiye atakayechagua. Rafiki yangu alinishika mkono chini ya meza.

Ijumaa alasiri nilikuwa nafuta vumbi vitu vya baba. Biblia yake kubwa ilikuwa na ramani nyuma, nikazifungua kuangalia rangi tu. Nikaiona Misri. Nikauona Naili, mstari wa bluu, unapanda juu, unapanda, unaingia kwenye bahari ambayo si ya Hindi. Nikamwita baba. Akaweka kidole. "Hii ni Bahari ya Kati. Ya Hindi iko huku chini, mbali. Kwani vipi?"

"Hakuna," nikasema.

Nimejidanganya miaka mingi kwamba nilinyamaza kwa sababu ya vilima. Maana nilidhani nikikiri kwamba jibu nililibuni itabidi nirudishe vyote, na mimi nilikuwa na vingi, na aibu juu yake. Vilima gani! Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Nilinyamaza kwa sababu nafasi ilikuwa moja.

Jumamosi akaja. Wimbi hakubeba siku hiyo. Akakaa mbele yangu, akasema, "Niulize yale yote niliyoshindwa tangu tuanze. Usiache hata moja." Nikamuuliza. Nilimuuliza la siku za mwaka mrefu, la mbu na malaria, la mji mkuu wa Uingereza. Alijibu yote, chap chap, hata kabla sijamaliza kuuliza. Lile la Naili nililiruka. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikumbuka. "Umesahau la Naili," akasema, "Bahari ya Hindi," na akatabasamu, ameridhika na kumbukumbu yake. Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo. Neno moja tu. Nikasema, "Haya, tumemaliza, nenda kapumzike."

Jumatatu sista akaja, mzungu mrefu, Kiswahili chake kizuri kuliko chetu. Alitusimamisha mbele ya ubao, mimi kushoto, rafiki yangu kulia. Swali moja kwake, moja kwangu, na mmoja akikosa linakwenda kwa mwenzake. Nje, kwenye ua wa shule, niliweza kumwona baba yake amesimama na fimbo yake, hakutaka kukaa. Tukaulizwa kwa muda mrefu. Yeye alikosa moja, mimi nikakosa moja. Sista akatazama saa yake, akageukia upande wa kulia.

"Mto Naili unaingia bahari gani?"

Nakuambia, rafiki yangu alinigeukia kwanza kabla ya kujibu, macho yamejaa furaha. Lilikuwa swali letu! Kati ya maswali yote ya dunia, limekuja letu!

"Bahari ya Hindi," akasema kwa sauti kubwa.

Sista akatikisa kichwa. "Na wewe?"

Ningeweza kusema Bahari ya Hindi. Ningesema hivyo, tungekuwa tumekosa wote, sista angeuliza jingine, na jingine lile rafiki yangu angeweza kulipata. Niliyawaza haya palepale. Mtu asiniambie kwamba mtoto hawazi haraka hivyo.

"Bahari ya Kati," nikasema.

Sikumtazama. Nilisikia tu kalamu ya sista kwenye karatasi.

Rafiki yangu alipotoka nje, baba yake hakuuliza kitu, alimwona uso. "Basi," akasema. Wakaondoka, baba mbele, yeye nyuma. Jumamosi iliyofuata ng'ombe wakaingia, na kabla ya mavuno ya wimbi alikwisha pelekwa Kemambo. Kaka yake akaoa. Ilikuwa harusi nzuri, watu walikula wakashiba, na mimi nilikuwepo, nilikula pia. Kisha baba akanisindikiza shuleni nikiwa na sanduku la bati kichwani, akanisifia njia nzima, na mimi nikamwacha anisifu.

Shule ile ilikuwa nzuri. Sitasema nililia kila siku, nitakuwa nasema uongo. Nilisoma, nilinenepa, nilijifunza kushona. Siku nyingine zilipita bila kumkumbuka kabisa, na hilo ndilo linaloniuma leo kuliko kama ningelia.

Likizo ya mwaka wa pili nikajiapiza. Nitakwenda Kemambo, nitamwambia. Nilitembea tangu alfajiri, na kila hatua nilikuwa napanga maneno: nilibuni, kisha nikajua, kisha nikanyamaza. Nilimkuta shambani anapalilia, mtoto mgongoni, amekonda. Mama mkwe wake alikuwa mistari michache mbele na jembe lake. Rafiki yangu aliponiona alitupa jembe chini, akanikumbatia na udongo wake.

Tukaongea habari za nyumbani. Nikaanza, "Ile siku ya sista..."

"Ngoja," akanikata. "Acha nikuambie mimi. Nimeifikiria sana siku ile. Wewe uliniambia sawasawa kabisa, maana ulipoulizwa ulijibu palepale. Mimi ndiye niliyechanganya kichwani. Uliniambia ya Kati, mimi nikakariri ya Hindi, na hata Jumamosi ile sikusikia ukinisahihisha. Nilimweleza hata baba, nikamwambia kosa ni langu, asimlaumu mtu." Akamtingisha mtoto kidogo. "Ndivyo, sivyo? Uliniambia ya Kati?"

Niliangalia ule uso. Ulikuwa unangoja.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuambia ya Kati."

"Nilijua!" akasema, na Mungu wangu, alifurahi, alifurahi kweli. Akageuka, akampigia kelele mama mkwe wake aache jembe, aje amwone yule rafiki yake wa shule, yule mwenye akili, aliyekuwa anamfundisha. Mama yule akaja anapangusa mikono kwenye kanga, ananitazama kwa heshima. Nikainamisha kichwa, nikamwambia shikamoo.