Sifuri ya Lambo Kavu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwa natafuta kazi. Asubuhi niliondoka Bujora bila kujua niendako, nikafika Kisesa, nikakuta watu wenye buti za mpira wakichota matope lamboni kwa chujio la mpini mrefu. Niliacha shule darasa la tano, lakini maswali hayakuniacha. Nilisimama nikauliza hadi msimamizi akachoka.

"Maswali mengi hivyo, shika chujio."

Nilishika kwa miaka kumi na tisa.

Tulihesabu konokono wanaobeba kichocho. Hesabu zilikwenda Mwanza mjini kwa Mtakwimu Mkuu, mama wa Kihaya mwenye sauti ndogo, tuliyemwita Daktari. Yeye aliziingiza kwenye milinganyo ya mabadiliko: konokono waliopo leo, kasi ya kuzaliana, kasi ya kufa, kisha kompyuta inasema kesho watakuwa wangapi, na watoto wangapi watakojoa damu. Nilizoea kusimama nyuma ya kiti chake nikiuliza.

Siku moja alikuwa kwenye uchanganuzi wa unyeti.

"Nasogeza namba moja kidogo, nyingine naziacha," alinieleza. "Nataka kuona ni ipi ukiigusa tu, jibu linaruka."

Alisogeza kasi ya kuzaliana, mstari kwenye kioo ukatikisika kidogo. Alisogeza vifo vya kiangazi, mstari ukapanda hadi ukatoka nje ya kioo.

"Mzee wa maswali, namba hii aliileta nani?"

"Mimi, Daktari."

"Uliipataje?"

Lambo likikauka nilikuwa naandika sifuri, naenda zangu. Kwa hiyo kompyuta iliamini kiangazi kinaua konokono wote, na mpango uliokuwa ukisubiri saini yake ulisema watoto wapewe dawa mara moja tu kwa mwaka. Nilimwambia ukweli, nikijua huenda kazi imeishia hapo.

Hakupiga kelele. "Sisaini. Rudi ukachimbe."

Kisesa, mama mmoja aliyelima kando ya lambo aliniona na jembe akacheka.

"Baba, kamongo ni samaki, na tunamchimba humo humo kwenye tope kavu, mzima! Konokono ndiye atashindwa?"

Kina cha kiganja tu nikawakuta, wamejifungia ndani ya maganda yao. Niliwatia kwenye bakuli la maji. Kabla ya adhuhuri walikuwa wakitembea.

Nilichimba lambo baada ya lambo, mgongo ukaharibika. Kila kijiji kilipangiwa dawa kwa namba ya lambo lake, na vingi vikapata mara mbili. Lilibaki lambo moja, ng'ambo ya ziwa pale Busisi. Hilo sikuwahi hata kulikanyaga; sifuri yake niliiandika kwa kusikia tu kwamba limekauka. Daktari aliponiuliza kama nimemaliza, nilikuwa nimechoka, nikasema ndiyo.

Nilistaafu mwezi uliopita, nikidhani uchovu nao utastaafu. Ninyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba kompyuta haiulizi kama aliyeleta namba alikuwa amechoka.

Juzi nilivuka Busisi na jembe langu kwenye mfuko wa sandarusi, nikapata chumba kwa mama muuza chai.

"Shikamoo, baba. Jembe la nini tena? Dhahabu iko mbele huko, Geita."

"Marahaba. Nimekuja kuchimba lambo lenu."

"Lambo! Si limekauka lile? Hamna kitu."

"Hata mimi niliandika hivyo," nilimwambia, nikamwomba anionyeshe njia.