Mgeni wa Tela Kubwa

Niapishe kwa chochote unachokiamini, maneno yangu hayatabadilika. Haya sikusimuliwa na shangazi wala sikuyasoma kwenye simu. Yalinikuta mimi, tena mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Kama huniamini endelea na shughuli zako. Nitasimulia hivyo hivyo, maana leo nikikaa kimya nitapasuka.

Mume wangu, Hamisi, ni mpuliza dawa ya korosho. Msimu wa baridi ukifika na mikorosho ikianza kutoa maua, wenye mashamba humwita awapulizie salfa, ile dawa ya unga, miti isishikwe na ukungu wa ubwiriunga. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, kwa hiyo mpulizaji asiyelala shambani ni mpulizaji aliyechelewa. Leo uko vijiji vya Nachingwea, wiki ijayo umevuka hadi Ruangwa. Ndiyo maana tulikuwa na tela.

Usifikirie tela la trekta. Hamisi aliona kwenye simu watalii wakilala porini ndani ya kigari kidogo, duara mbele na kuchongoka nyuma kama tone la maji, akamwendea fundi wa kuchomelea pale Nachingwea mjini akamwambia nitengenezee hiki. Fundi alicheka mpaka akaketi chini, lakini alitengeneza. Ndani ni godoro moja tu, na ukikaa kichwa kinagusa bati. Nyuma kuna mfuniko. Ukiuinua unakuta jiko la mkaa, sufuria, chumvi, kila kitu mahali pake. Tukalifunga nyuma ya guta letu, ile pikipiki ya magurudumu matatu, na kila kijiji tulichoingia watoto walitukimbilia wakipiga kelele, "Yai! Yai!" Mimi nililipenda yai lile. Nyumba za kupanga zote nilizokaa zilikuwa na mwenye nyumba wa kunigongea dirisha.

Mwaka ule nilikuwa na mimba. Kabla ya hiyo zilitoka mbili, na hizo siwezi kuzisimulia, niache. Hii ya tatu ilivuka mwezi wa tano, ikavuka wa sita, na sisi hatukuthubutu kununua hata kitambaa cha mtoto kwa woga. Mama yangu alishafariki, sikuwa na pa kubaki, na Hamisi aliapa hatalala mbali nami. Kwa hiyo nilizunguka naye.

Jioni moja tulikuwa Naipingo. Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya miti, tumekaa nyuma ya tela tunakula ugali na kisamvu, mtu akapita katikati ya mikorosho. Alikuwa mweupe wa unga kuanzia kichwani mpaka miguuni, kajifunga kitambaa usoni, yamebaki macho tu. Wewe ungeshtuka. Kwetu msimu wa salfa wanaume wote wako hivyo, hata mumeo unamtambua kwa mwendo. Nikafanya kile anachofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri akipitiwa na mtu anapokula.

"Karibu, karibu tule," nikasema, na wala sikumtazama vizuri.

Akasimama. "Asante, mama. Chakula siyo shida yangu." Akalisogelea tela, akainama, akachungulia ndani taratibu kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. "Mimi natafuta pa kulala tu. Lakini hapa mmebanana."

Hamisi, ambaye utani haumtoki mdomoni hata msibani, akacheka. "Pamejaa, ndugu yangu! Njoo siku tukipata kubwa, nafasi yako ipo."

"Na mama anasemaje?"

Nani huuliza hivyo? Lakini nilikuwa na tonge mkononi na adabu yangu, nikajibu, "Ndiyo, karibu sana."

"Basi nitakuja," akasema, akaenda zake. Alipopita upande wangu ndipo pua yangu iliposhtuka. Salfa naijua, nimefua nguo za Hamisi mpaka vidole vikachubuka. Mtu yule hakunuka salfa hata chembe. Alinuka karafuu maiti.

Niamini, harufu ile haichanganywi na nyingine. Nilimwosha mama yangu kwa mikono hii siku ya maziko yake. Tonge likanianguka. Nilipomwambia Hamisi, akanitazama kwa huruma. "Mama kijacho, juzi ulisema hata sabuni inanuka samaki." Akaendelea kula, na kisamvu changu akakimaliza yeye.

Kuanzia hapo nikalipenda lile yai kuliko mwanzo, kwa sababu moja tu: lilikuwa limejaa.

Lakini tumbo nalo halikungoja. Nesi wa zahanati akaniambia nilale ubavu wa kushoto na ninyooshe miguu, kwa kuwa ilikuwa imevimba kama mihogo. Ninyooshe wapi? Hamisi akahamia chini ya tela, juu ya turubai, kwenye baridi ile ya Julai inayotoboa mifupa. Akaanza kukohoa. Salfa kifuani mchana, ubaridi kifuani usiku. Kila alipokohoa nilihisi bati linatikisika chini ya mgongo wangu.

Ndipo fundi akapiga simu. Alikuwa na tela kubwa, la watu wanne, mchuuzi wa mitumba aliliagiza kisha akaghairi. Tulete dogo, tuongeze pesa kidogo, tuchukue. Hamisi alifurahi utadhani amechaguliwa ubunge. Mimi nikasema hapana.

Tuligombana siku ile kama hatujawahi kugombana. "Unakataa nafasi kwa ajili ya mpita njia?" akaniuliza. "Mimi nafia chini huko, mtoto amebanwa, wewe unanusa watu!" Nami nilimtukana, sifichi. Kisha akaenda kulala chini, akakohoa, nami nikalala juu nikiuma shuka ili asinisikie nikilia. Nikibaki na dogo, nampoteza mume au nampoteza mtoto, pengine wote. Nikichukua kubwa, anakuja yule. Niligeuza hivyo, nikageuza hivi, hapakuwa na upande wenye nafuu. Nilimwomba Mungu anichagulie, akaniachia mwenyewe.

Asubuhi moja Hamisi alichuchumaa avae mashine ya kupulizia mgongoni, akashindwa kuinuka nayo. Akabaki pale chini, mikono kwenye magoti, anatafuta pumzi. Nikamwambia, "Kachukue." Ungekuwa wewe ungesema nini?

Tulilivuta lile kubwa mpaka Chinongwe. Sitaki kusema uongo, lilikuwa zuri, lina dirisha pande zote mbili na godoro la kutosha familia. Alasiri Hamisi akaenda kwa mwenye shamba kuchota maji. Nikaingia ndani, nikalala ubavu wa kushoto, nikanyoosha miguu. Mwili mzima ulishukuru. Mtoto akajigeuza tumboni, akatulia. Nikajiambia, umeona, mjinga wewe, ulikuwa unajitesa bure.

Tela likadidimia upande wa mlangoni.

Unajua gari linavyoshuka springi mtu mzito akikaa? Hivyo. Sikusikia hatua wala mlango. Harufu ndiyo ilitangulia, karafuu maiti, ikajaa mle ndani mpaka machozi yakanitoka. Kisha sauti ile ile, ya upole kabisa, nyuma ya mgongo wangu.

"Nimekuja, mama. Naona mmepata nafasi."

"Nafasi hii ni ya mtoto," nikasema.

"Mtoto bado. Akija tutabanana."

Nikaomba. Nilimwita yule mgeni baba, nikamwita ndugu yangu, nikamwambia mimi nimeshapoteza wawili, nihurumie, katafute kwingine. Nikatanua mikono na miguu nijaze godoro lote pamoja na tumbo lile, nishike kila kona. Hakunigusa. Hakukasirika. Alisema tu, vile unavyosema kwenye mkeka wa msiba au benchi la hospitali, "Sogea kidogo."

Nikasogea.

Hapo ndipo ninapokosa usingizi hadi leo. Maisha yangu yote nikiambiwa sogea kidogo nimesogea, na mwili haukuniuliza. Nikajikuta nimebanwa kwenye bati, na mgongoni pangu pametulia baridi ya kaburi. Mtoto tumboni naye akasogea. Nilimhisi anajikusanya upande mmoja, mbali na mgongo wangu, kisha akaacha kucheza.

Hamisi alirudi akanikuta nimejikunja ukutani, nusu nzima ya godoro iko tupu na shuka limebonyea. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya wakati wake. Alilifungua tela kutoka kwenye guta, akaliacha pale pale chini ya mikorosho, akanipakia kwenye guta, tukashika njia ya Ruangwa huku anakohoa na kulia. Njia nzima nilishika tumbo nikilisihi lipige teke moja tu. Halikupiga.

Alizaliwa mdogo, kimya. Nesi akamsugua, akamgeuza, akamsugua tena. Mimi sikupumua mpaka yeye alipolia. Tukamwita Salumu.

Tela Hamisi aliliuza, siku hizi ni banda la kuku. Mwenye nalo hulalamika kwamba kuku wake wote hujazana upande mmoja. Nilidhani yamekwisha. Lakini mgeni hakukaribishwa na tela, alikaribishwa na sisi.

Sasa tunaishi chumba kimoja hapa Ruangwa mjini, watu watatu kwenye kitanda cha futi tatu. Hamisi akisafiri kikazi, naweka gunia la mahindi mahali pake na kulifunika shuka. Majirani wananicheka eti naliita gunia mume. Siku moja tu sikuliweka. Nilimtoa mtoto nje akojoe, na niliporudi mto wa Hamisi ulikuwa umebonyea na chumba kinanuka. Tulikesha mlangoni, mimi na mwanangu, mpaka adhana ya alfajiri. Nilikwenda kwa shehe anisomee. Aliniuliza swali moja, mlimkaribisha? Nikasema ndiyo, wote wawili. Akaufunga msahafu wake. "Angekuwa jini ningejua la kufanya," akasema. "Huyu ni mgeni wenu."

Na mtoto anakua. Ndilo linaloniua. Salumu yuko darasa la kwanza, magoti yake yananichoma mbavuni, Hamisi analala nusu mwili uko hewani na kikohozi hakijamtoka. Mtoto humwambii asirefuke. Nimebana nilivyoweza kubana, nimekwisha.

Wewe unayenisikiliza, karibisha watu, sikukatazi, tumelelewa hivyo. Lakini mtazame mtu usoni kwanza, mnuse ikibidi, kabla hujamwambia nafasi yako ipo. Na kama umelala umebanwa na uwapendao, usilalamike kwa sauti.

Leo Hamisi ameleta kitanda, futi sita kwa sita. Hakuniuliza. Kiko nje kimeegemezwa ukutani, na Salumu anazipapasa mbao zake akicheka, maana tangu azaliwe hajawahi kulala akanyoosha miguu. Hamisi ananiita nije nishike upande wa pili tukiingize ndani. Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kuongea na wewe.