Nilikaza Koni za Baiskeli ya Mke Wangu Bingwa

Admin, nifiche jina, ingawa hapa mtaani Cheyo wakisoma tu "fundi baiskeli mwenye mdomo" watajua ni mimi. Nina miaka arobaini na moja, mke mmoja, na mapacha, Kulwa na Doto. Shule niliachana nayo darasa la sita, lakini dunia nimeisoma: Kigoma, Mwanza, Dar, hadi Bujumbura nimekula na kulala. Na kwenye baiskeli, ujanani sikuwa na mpinzani Tabora nzima. Mbio za sikukuu nilishinda miaka mitatu mfululizo, mbuzi wote wa zawadi wakaishia kwangu. Waulizeni waliokula vumbi langu.

Mke wangu, Mama Kulwa, nilimpata barabara ya Kigwa. Alikuwa binti, amefunga magunia mawili ya mkaa kwenye keria, akanipita kilimani mimi sina hata kifurushi. Nikamfukuza hadi mjini ili nimuulize jina. Nilipomwoa nikamfundisha ujanja wangu wote: usitangulie, kaa mgongoni kwa mwenzio akukatie upepo, mita mia mbili za mwisho ndiyo umtoke.

Bwana wee, alinielewa kupita kiasi. Leo ni bingwa wa mbio fupi za uwanjani, zile za kukimbizana kwenye uwanja wa mviringo ulioinuka kingo kama karai, na baiskeli haina breki. Alikwenda nchi za watu akarudi na medali ya dhahabu. Mafundi wa kule walipotaka kuigusa baiskeli yake, aliwaambia ina fundi wake Tabora. Habari hiyo nilitambia mwezi mzima.

Ila wivu ni mchwa, unakula huku rangi ya mlango inang'aa. Kijiweni wakaanza: "Shikamoo, mume wa bingwa." Mzee mmoja Mwarabu mwenye duka jirani, mtu wa heshima zake, akaniuliza, "Baba Kulwa, siku hizi pale nyumbani nani anashika usukani?" Nacheka nao, si mimi ndiye mchekeshaji wa mtaa. Ndani naungua. Halafu kuna kocha wake wa huko nje. Kila jioni simu: umekula nini, mapaja yanauma wapi. Mapaja, jamani. Ya mke wangu.

Majuzi huyo kocha akamwita kambini, miaka miwili. Sharti lilikuwa moja: akimbie mita mia mbili hapahapa, mwalimu wa michezo apime muda, video itumwe. Tukiwa tunakula akaniuliza, "Baba Kulwa, nikifaulu utaweza kukaa na watoto?" Nikamjibu, "Mimi nimekulea hata wewe." Akacheka. Mimi nikanawa mikono kabla sijashiba.

Asubuhi ya kupimwa akaniletea baiskeli niikague kama kawaida. Nikafungua gurudumu la nyuma, nikakaza koni, vile vyuma vinavyobana gololi kwenye ekseli. Robo mzunguko tu. Gurudumu linazunguka bado, ila kwa uzito, kama mtu amekushika shati kwa nyuma. Fundi yeyote angegundua kwa kidole kimoja. Yeye hakulijaribu hata kidogo, kwa sababu limetoka mkononi mwangu.

Alikimbia mara nne kwenye lami nje ya mji. Kila mara mwalimu anatazama saa, anakwepa macho yake. Mara ya nne aliinamia usukani, nikajua sasa ataitazama baiskeli. Wapi. "Miguu imeisha, Baba Kulwa," akasema. "Uzazi wa mapacha umeondoka nayo." Nikamfuta jasho, kwa mkono uleule.

Siku hiyohiyo nikazilegeza koni. Mwalimu ana huruma, video hajatuma, amesema Jumamosi arudie. Nimembembeleza, nimemtania, nimemwimbia. Hataki. "Usinipe moyo, mume wangu, mwili wangu naujua." Kocha akipiga, Doto anaambiwa ajibu mama yuko sokoni. Yaani nilichokitaka nimekipata, na nyumba yangu imekuwa kimya kama msiba.

Najua kitakachompandisha ile baiskeli ni kimoja tu, kuambiwa ukweli. Akiujua atakimbia Jumamosi, tena kwa hasira, na huo muda sijui nani atauvunja. Ninachoogopa ni akishafika mwisho wa zile mita mia mbili, kama atageuka kunitafuta. Hajawahi kuniletea baiskeli akasimama kunichunga.

Jana ameniletea keria. Anataka niifunge kwenye hiyohiyo baiskeli ya mashindano, aanze tena kuchukua mkaa Kigwa. Nimemwambia boliti zimeisha. Ziko mfukoni mwangu, zinanichoma kila nikikaa. Leo Alhamisi. Ndugu zangu, mdomo huu wote niliojaliwa umekosa neno la kwanza. Nishaurini, nimwanzie wapi?